Vizibo, vifuniko au hatua chache nyuma: kumchagulia kinga ya masikio anayefanya kazi barabarani

Maelezo mengi yanayolinganisha vifaa vya kukinga masikio yameandikwa yakimlenga mtu wa kiwandani, ambaye husimama mbele ya mashine moja yenye mngurumo usiobadilika na ambaye hana sababu ya kuogopa kwamba mashine hiyo itamgonga kwa nyuma. Askari wa trafiki anayesimama katikati ya makutano, mfagiaji wa barabara, kondakta wa basi, mkusanya ushuru katika kibanda cha barabara ya kulipia, fundi anayeziba mashimo ya lami huku magari yakimpita ubavuni, na mwendesha pikipiki anayesafirisha abiria au mizigo wanafanya kazi katika kelele ya namna nyingine. Kelele hiyo hupanda na kushuka kila dakika, haina mwenyewe anayeweza kuamriwa aipunguze, na ndani yake mna sauti ambazo mfanyakazi akizikosa anaweza kupoteza maisha. Kinga inayomfaa mponda mawe kwa hiyo si lazima imfae huyu, na makala haya yanazipima kinga hizo kwa kuitazama barabara peke yake.

Kwanza ni vyema kukumbuka kinachokingwa. Ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama gamba la konokono, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Kelele huanza kwa kuzichosha: baada ya zamu masikio huwa kama yametiwa pamba, pengine yanavuma au yanalia mlio mwembamba, na kufikia asubuhi hali imetulia. Wengi huuhesabu utulivu huo kuwa ni kupona. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba hata pale kipimo cha usikivu kinaporudi mahali pake, miunganiko kati ya seli hizo na neva inaweza kuwa imeshakatika moja kwa moja. Uchovu ukijirudia kwa miaka, seli zinazopokea sauti nyembamba za kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 3,000 na 6,000 hutangulia kufa, na katika chati ya kipimo huonekana shimo karibu na hezi 4,000. Shimo hilo halimzuii mtu kusikia lori likinguruma wala mwenzake mwenye sauti nzito akimwita. Linachomnyang'anya ni makali ya maneno, hata asiweze kutofautisha "saba" na "shaba" penye watu wengi, naye hulaumu wasemaji kwamba siku hizi wanamung'unya.

Kipimo cha kuanzia

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ijulikanayo kwa kifupi kama NIOSH, hupendekeza kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kanuni ya kazi ya Marekani yenyewe, inayosimamiwa na OSHA, idara ya serikali yake ya usalama kazini, ni legevu zaidi, kwa kuwa inaruhusu desibeli 90 kwa saa 8 na kupunguza muda kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 5. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2003, humtaka mwajiri awe na vifaa vya kinga kuanzia wastani wa desibeli 80, ahakikishe vinavaliwa kuanzia 85, na asiruhusu kelele inayoingia sikioni, kifaa kikiwa kimevaliwa, izidi 87. Mtu anayejichagulia kinga afuate hesabu ya desibeli 3, kwa sababu ndiyo inayolingana na maumbile ya sauti: ongezeko la desibeli 3 ni nishati maradufu, na sikio halijui kwamba sheria fulani imeamua vinginevyo. Hata hiyo desibeli 85 si mahali pa salama kabisa. NIOSH walikadiria mwaka 1998 kwamba kati ya watu 100 watakaokaa katika kiwango hicho kwa miaka 40 ya kazi, 8 hivi watapata hasara ya usikivu iliyoletwa na kelele hiyo.

Huwa inatajwa pia namba ya desibeli 53, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kuwa wastani usiozidiwa wa kelele ya barabara. Namba hiyo inahusu wakazi, usumbufu wanaoupata na afya ya moyo. Haihusu uziwi, na anayeitumia kuchagulia vizibo atajikuta ananunua kinga asiyoihitaji.

Mfanyakazi mmoja, njia tatu

Tumchukue askari wa trafiki ambaye kwa saa 3 za msongamano husimama penye desibeli 88, na saa 5 zilizobaki hukaa penye desibeli 82. Saa 3 kati ya 4 zinazoruhusiwa ni asilimia 75 ya kikomo cha siku. Saa 5 kati ya 16 zinazoruhusiwa kwa desibeli 82 ni asilimia 31. Jumla ni asilimia 106, yaani amevuka kikomo, ingawa si kwa kishindo, na jambo hili ni la kutiliwa maanani kwa sababu mkasa wa kazi za barabarani mara nyingi uko hapohapo: si kelele ya kupasua ngoma ya sikio, bali ya kuzidi kidogo kila siku kwa miaka ishirini.

Njia ya kwanza ni kusogea. Barabara yenye magari mfululizo hutoa sauti kama mstari, na kila umbali kutoka kwenye mstari huo unapoongezwa maradufu, kelele hushuka kwa desibeli 3 hivi. Askari huyo akiweza kusimama mita 4 badala ya mita 2, zile saa 3 zitakuwa za desibeli 85, na jumla ya siku itashuka hadi asilimia 69. Hakununua kitu. Kwa chombo kimoja kinachopiga honi nafuu ni kubwa zaidi, karibu desibeli 6, kwa kuwa sauti ya kitu kimoja husambaa pande zote.

Njia ya pili ni kugawana saa za msongamano na mwenzake, hivi kwamba kila mmoja akae saa 1 na nusu penye desibeli 88 na muda uliobaki penye 82. Jumla inakuwa asilimia 78. Ni nafuu ya kweli, ila inahitaji mkuu wa zamu anayekubali kupanga watu upya, na tena inampa mwenzake sehemu ya kelele ile. Pale ambapo watu wote wa zamu wako penye desibeli 88 mchana kutwa, kugawana hakumsaidii yeyote.

Njia ya tatu ni vizibo. Tuseme ni vizibo vya wastani vinavyomkinga kwa desibeli 10 za uhakika, navyo vinavaliwa kwa saa zote 3 za msongamano. Jumla inashuka hadi asilimia 39, na hakuna njia nyingine inayofikia hapo. Lakini avivae nusu tu ya muda huo, kwa kuwa vinawasha au kwa kuwa anavitoa kila anapozungumza na dereva, jumla itakuwa asilimia 72, yaani atakuwa amezidiwa na yule aliyesogea mita 2 nyuma mikono mitupu. Kwa zamu ndefu hesabu hiyo ni kali zaidi: kifaa cha desibeli 30 kikivuliwa kwa dakika 30 tu katika zamu ya saa 8, kinga yake ya siku nzima inakuwa sawa na ya kifaa cha desibeli 12.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Swali lao la kwanza ni kifaa kipi kina namba kubwa zaidi kwenye pakiti. Swali linalomfaa mtu wa barabarani ni kifaa kipi anaweza kukaa nacho bila kukitoa, huku akiendelea kusikia gari linalorudi kinyumenyume mgongoni mwake. Miongozo ya Ulaya ya kuchagua vifaa hivi hulenga sauti ya desibeli 75 hadi 80 ifikayo sikioni, na huonya kwamba ikishuka chini ya 70 mvaaji amekingwa kupita kiasi. Penye desibeli 88, kinga ya desibeli 10 inatosha.

Sifongo na mpira

Vizibo vya sifongo ndivyo vinavyopatikana kirahisi zaidi, na kwenye maabara hupata namba kubwa kuliko karibu vyote. Shida yao iko vidoleni. Ili kizibo kizibe, sharti kiviringishwe polepole mpaka kiwe chembamba kama njiti, bila mikunjo; kisha mkono wa upande wa pili upitishwe juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma ili tundu lake linyooke; halafu kizibo kisukumwe ndani na kushikiliwa kwa kidole kwa sekunde 20 hadi 30 kinapofutuka. Kikiwa ndani sawasawa, mtu akitazamwa kwa mbele hakionekani. Kikichomoza nje kama kifuniko cha chupa, kimeshika pambizo tu na kinga yake ni ya jina. Sasa tumfikirie mfagiaji ambaye vidole vyake vina vumbi la barabara na masizi, akifanya hivyo mara tano kwa siku. Baada ya wiki moja ataacha, au atapata maambukizi ya sikio. Sifongo kinamfaa anayekivaa asubuhi kwa mikono iliyonawa na kukitoa mwisho wa zamu: dereva wa mashine ya kushindilia lami, kwa mfano.

Vizibo vya mpira au silikoni vilivyokwisha umbwa, vyenye ngazi mbili au tatu na kishikio, haviviringishwi. Hushikwa kwenye kishikio, kwa hiyo sehemu inayoingia sikioni haiguswi na vidole vichafu. Huoshwa kwa maji na sabuni na kutumika tena. Kinga yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya sifongo kilichovaliwa vizuri, na saizi moja haiwatoshi watu wote. Wapo hata ambao sikio la kulia na la kushoto huhitaji saizi mbili tofauti. Kwa mtu anayelazimika kutoa na kurudisha kizibo mara kwa mara, hiki ndicho chaguo langu la kwanza, hasa kile chenye kichujio kinachopunguza sauti zote kwa uwiano ulio karibu sawa. Vizibo vya kawaida hukata sauti nyembamba kuliko nzito, na ndiyo maana mvaaji huona kila mtu anazungumza kama yuko ndani ya mtungi.

Kipo pia kizibo kinachotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mhusika mwenyewe, baada ya mtaalamu kuchukua nakala ya tundu la sikio. Hakiumi, hakianguki, na mtu hukivaa bila kufikiri. Kwa ajira ya kudumu ni chaguo zuri. Kwa kibarua wa miezi mitatu hakina maana.

Vifuniko

Vifuniko vya masikio, vile vyenye vikombe viwili vilivyounganishwa na utepe wa kichwani, vina sifa moja kubwa: ni vigumu kuvikosea. Msimamizi huona kwa mbali nani amevaa na nani hajavaa, mikono michafu si kikwazo, na mwenye sikio linalotoa usaha, ambaye hafai kuingiza kizibo, anaweza kuvitumia kwa ushauri wa daktari. Vipo vinavyopachikwa kwenye kofia ngumu ya fundi.

Kasoro zake barabarani ni nzito. Juani vikombe hujaa jasho, na mvaaji huvisogeza juu ya masikio "kwa dakika moja" inayogeuka saa. Miwani yenye mikono minene, kilemba au kitambaa cha kichwa kilichopita chini ya kikombe huacha upenyo, na sauti hupenya kwenye upenyo kama maji. Kubwa kuliko yote, vifuniko hulifunika sikio la nje, ambalo mikunjo yake ndiyo humwambia mtu kama sauti inatoka mbele au nyuma. Aliyevaa vifuniko anaweza kusikia honi vizuri kabisa na kugeukia upande usio wenyewe. Kwa anayefanya kazi katikati ya magari yanayotembea, kwangu kasoro hiyo inatosha kuviondoa katika orodha, isipokuwa kwa anayetumia chombo cha kukata lami au nyundo ya mashine ndani ya eneo lililozungushiwa vizuizi.

Vifuniko vya kielektroniki, vyenye vipaza sauti vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kubwa, hutangazwa kuwa ndiyo suluhisho la kasoro hiyo. Vinasaidia mazungumzo, na vyenye redio ndani humwondolea askari ile tabia ya kuibandika redio ya mkononi sikioni na kuiongeza sauti ili ishinde magari. Uwezo wa kujua sauti inatoka wapi, hata hivyo, haurudi wote, kwa kuwa sikio la nje bado limefunikwa. Betri nazo huisha katikati ya zamu.

Pamba ya kawaida haihesabiki kuwa kinga. Hupunguza desibeli chache tu na humpa mtu imani isiyo na msingi. Spika za masikioni za simu ni mbaya zaidi, kwa kuwa anayezivaa ili "asisikie kelele" huongeza muziki mpaka uishinde barabara, na hivyo huwa amejiongezea kelele ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mwendesha pikipiki ana hesabu yake peke yake. Kelele inayomdhuru zaidi si injini wala magari mengine, bali upepo unaovurugika ukingoni mwa kofia yake, ambao kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa unaweza kufika desibeli 90 na kuzidi 100 kwenye barabara kuu. Kofia haizuii kelele hiyo, ndiyo inayoizalisha. Vifuniko haviingii ndani ya kofia, kusogea mbali hakuna maana, na hivyo kwake vizibo, vya sifongo au vyenye kichujio, ndiyo njia pekee pamoja na kupunguza mwendo. Kwa dereva na kondakta wa basi, kwa upande mwingine, nisingeanza na vizibo: ningeanza na eksozi iliyotoboka, kifuniko cha injini kilicholegea na dirisha linalokaa wazi upande uleule wa sikio lilelile kila siku. Mkusanya ushuru naye anahitaji kibanda chenye kioo kuliko kitu chochote cha kuvaa. Zaidi ya hayo, yeye na wale wa ndani ya mahandaki hupumua moshi wenye kaboni monoksaidi, gesi ambayo majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba huzidisha madhara ya kelele kwenye koklea; kizibo hakigusi hilo, hewa safi ndiyo hugusa.

Namba za kwenye pakiti

Pakiti za Marekani huandikwa NRR na za Ulaya SNR, yaani namba ya kinga ya kifaa kwa desibeli, nazo haziwi sawa kwa kifaa kilekile, kwa hiyo zisilinganishwe moja na nyingine. Zote mbili hupatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. NIOSH walishauri mwaka 1998 kwamba namba ya NRR ipunguzwe kwa asilimia 25 kwa vifuniko, asilimia 50 kwa sifongo, na asilimia 70 kwa vizibo vingine kabla ya kuiamini. Punguzo la mwisho linaonekana kunipinga mimi niliyesifu vizibo vya mpira, na kwa mtu asiyefundishwa kuvivaa linanipinga kwa haki. Jibu ni kumpima mvaaji mwenyewe: vipo vifaa vinavyopima ni desibeli ngapi kizibo hiki kinazuia katika sikio hili, na dakika chache za kipimo hicho zinamfaa mwajiri kuliko kuagiza namba kubwa zaidi.

Upande wa vipimo vya usikivu, chaguo si gumu. Kipimo cha kunong'oneza, au cha mashine kinachoishia hezi 2,000, hakiwezi kuliona shimo la hezi 4,000, na mtu hupewa cheti cha uzima huku ameshaanza kudhurika. Kinachohitajika ni kipimo kinachofika hezi 6,000 au 8,000, kinachofanywa baada ya angalau saa 14 bila kelele, ili uchovu wa zamu usichukuliwe kuwa hasara ya kudumu. Cha kwanza kifanywe mtu anapoanza kazi, kisha kila mwaka. Katika kanuni za OSHA, wastani wa hezi 2,000, 3,000 na 4,000 ukisogea kwa desibeli 10 kutoka kipimo cha kwanza, katika sikio lolote, mwajiri anatakiwa kuchukua hatua. Hezi 8,000 husaidia pia kubagua kelele na uzee: usikivu ulioharibiwa na kelele kwa kawaida hupanda tena kidogo kwenye hezi hizo, ule wa uzee huendelea kushuka.

Anabaki mtu mmoja ambaye ulinganisho huu wote unamgeukia, naye ni yule ambaye shimo hilo tayari analo. Vizibo vya kawaida hukata zaidi sauti zilezile ambazo ameshazipoteza, na king'ora cha lori linalorudi nyuma kinaweza kumpotea kabisa. Kwake mpangilio ni wa kinyume: kwanza ahamishiwe mahali ambapo magari hayapiti mgongoni mwake, pili apunguziwe saa za msongamano, na kizibo, tena cha kichujio na kilichopimwa akiwa amekivaa, kije mwisho.